Kontrolo Boksi Haijafa

Imani imeota mizizi katika gereji zetu, kuanzia Gerezani hadi Tegeta jijini Dar es Salaam, na ukivuka mpaka utaikuta Kirinyaga Road kule Nairobi. Gari likibadilishwa betri, kisha sailensi, yaani mzunguko wa injini mguu ukiwa nje ya pedali, ikaanza kuyumba, injini ikatetemeka, ikazima kwenye foleni au ikapandisha mngurumo bila kukanyagwa, basi husemwa kuna kifaa kimeungua. Mshtakiwa wa kwanza ni kontrolo boksi, yaani kompyuta ya injini. Ikionekana bei yake inamtisha mteja, itatajwa throto. Baada ya throto zitafuata sensa ya hewa, koili, plagi na pampu ya mafuta, kwa mpangilio unaotegemea zaidi duka lililo jirani kuliko injini yenyewe. Mwenye gari hulipa, kwa kuwa ushahidi anauona kwa macho: jana gari lilikuwa salama, leo asubuhi betri imeguswa, leo mchana gari ni bovu.

Naipinga imani hiyo, na naipinga pamoja na ushauri wote uliozaliwa nayo. Katika kesi nyingi za namna hii hakuna kilichoungua. Kilichopotea ni kumbukumbu, nayo haiuzwi kwenye duka la spea. Hurudishwa kwa utaratibu wa dakika chache, na kazi kubwa inayoweza kuandamana nao ni kusafisha throto.

Sailensi yenyewe inaendeshwa hivi. Mguu ukiwa umetoka kwenye pedali ya mafuta, injini ya kawaida ya petroli iliyokwisha kupata moto huzunguka mara 600 hadi 800 hivi kwa dakika. Ikiwa bado baridi huzunguka zaidi, hata kupita 1,200, kisha hushuka yenyewe taratibu. Mizunguko hiyo michache inahitaji hewa kidogo mno, na hewa hiyo huingilia kwenye throto, lile bomba fupi lenye kilango cha duara ndani yake. Kwenye magari mengi ya zamani kilango huvutwa kwa kebo, na hewa ya sailensi hupitia pembeni, kwenye vali ndogo inayoamriwa na kontrolo boksi. Magari ya miaka ya karibuni hayana kebo. Mota ndogo ya umeme hukisogeza kilango, na wakati wa sailensi hukiachia ufa mwembamba tu.

Upana wa ufa huo haukuwekwa kiwandani ukabaki vilevile hadi gari linafika bandarini Dar es Salaam. Mvuke wa oili unaotoka tumboni mwa injini hurudishwa kwenye njia ya hewa ili uunguzwe. Ukichanganyika na vumbi lililoponyoka filta na masizi, hujenga ukoko mweusi kwenye ukingo wa kilango. Ukoko ukiongezeka, njia ya hewa inabana. Kontrolo boksi inaona mizunguko inataka kushuka, inakifungua kilango kidogo zaidi, na inaiweka hesabu hiyo kichwani: kwa gari hili, hapa ndipo panapotosha. Ukoko ukizidi, nayo inaongeza tena. Dereva hajui lolote, kwa maana sailensi anayoisikia ni ileile aliyoizoea miaka yote.

Upande wa mafuta ni hivyohivyo. Sensa ya oksijeni kwenye bomba la moshi huiambia kontrolo boksi kama mchanganyiko una mafuta mengi au machache, na kontrolo boksi hutunza masahihisho ya muda mrefu kulingana na hali ya injini ile. Mpira wa vakyumu ukipasuka kidogo na kuingiza hewa isiyopimwa, mafuta huongezwa kuifidia hewa hiyo, na safari inaendelea. Kwa hiyo gari la miaka 12 lililotoka Japani likatembea hapa miaka minne huwa limejaa fidia za namna hii, na linakwenda vizuri kwa sababu ya fidia hizo.

Sasa njoo na spana namba 10, ufungue betri. Katika magari mengi masahihisho hayo hutunzwa kwa umeme unaotoka kwenye betri kwa waya usiopita kwenye swichi. Umeme ukikatika, hesabu zote zinafutika, na kontrolo boksi inarudi kwenye makadirio ya kiwandani. Makadirio hayo yaliandikwa kwa ajili ya throto safi, na iliyo mbele yake ni chafu. Inafungua ufa mdogo ule wa siku ya kwanza, hewa haipiti ya kutosha, mizunguko inaporomoka hadi 400, injini inatetemeka, na ukiweka D au ukiwasha AC inazima kabisa.

Ni kama nyumba yenye mlango uliovimba kwa unyevu. Wenyeji wameshazoea kuusukuma kwa bega, na hawakumbuki tena kama wanafanya hivyo. Akija mgeni akausukuma kwa vidole, mlango hautafunguka, naye atasema umefungwa kwa ufunguo. Kuvunja kitasa na kununua kipya hakumsaidii mgeni huyo. Kinachohitajika ni mlango upigwe randa, au mgeni afundishwe walivyojua wenyeji.

Hoja kuu ya wanaotetea ununuzi wa vifaa ni ile ya jana na leo. Ina nguvu kwa sababu nusu yake ni kweli: tatizo limeonekana baada ya betri kuguswa, na betri isingeguswa lisingeonekana leo. Ila kulionyesha tatizo ni jambo moja, na kulizaa ni jambo jingine. Ukoko kwenye throto haukuletwa na betri mpya, na mpira uliopasuka haukupasuka saa nne asubuhi wakati fundi anafunga nati. Fundi anayekwambia umeme wa betri mpya umeunguza kontrolo boksi anapaswa kujibu swali jepesi: umeme upi huo? Betri iliyojaa, injini ikiwa imezimwa, ina volti 12.6 hivi. Alteneta inayofanya kazi huipa kontrolo boksi ileile volti 13.5 hadi 14.7 kila siku inapokwenda kazini. Betri mpya iliyofungwa sawasawa haina umeme ambao kontrolo boksi haijawahi kuuonja.

Ninapofika hapa huwa naletewa ushahidi unaohesabiwa kuwa wa mwisho: "Mimi nilibadilishiwa kontrolo boksi na gari likapona." Siukatai. Gari lilipona kweli. Lakini tazama kilichofanyika siku ile. Kontrolo boksi ya mtumba ilifungwa, betri ikaunganishwa tena, fundi akawasha injini, akaiacha iungurume nusu saa akiisikiliza, akakanyaga resi mara kadhaa, akazunguka nayo mtaani, akarudi, akaiacha tena. Bila kujua, alikuwa anaipa kontrolo boksi mpya nafasi ya kujifunza. Angeifanya kazi hiyohiyo na ile ya zamani, angepata jibu hilohilo bila mteja kutoa hata shilingi ya kifaa. Mara nyingi kabla ya hapo throto ilikuwa imeshafunguliwa "kuangaliwa" na ikafutwa kwa kitambaa. Safisha throto, ngoja nusu saa, zunguka mtaa mmoja: tiba ilikuwa hapo, na sifa ikaenda kwa kifaa kilichonunuliwa.

Hasara yenyewe haiishii kwenye bei. Magari mengi ya Kijapani ya kuanzia miaka ya 2000 yana mfumo wa kuzuia wizi unaoifunga kontrolo boksi na ufunguo pamoja. Ukifunga boksi iliyotoka kwenye gari jingine, ufunguo wako hautambuliki, na hapo unaanza safari nyingine ya kumtafuta fundi wa kuifungua boksi na kuiandika upya. Boksi yako nzima, iliyokujua, imebaki gereji kama "mbovu". Wiki ijayo itauzwa kwa mwingine aliyebadilisha betri.

Wengine hutegemea mashine. Gari hupimwa, na chochote kitakachoonyeshwa kwenye skrini huchukuliwa kuwa hukumu. Mashine naiheshimu, ila aliyechomoa betri amechomoa na kumbukumbu ya makosa. Hitilafu nyingi haziandikwi hadi zijirudie katika safari mbili, kwa hiyo ukipima dakika kumi baada ya kufunga betri, ukimya wa mashine haukuambii kuwa kila kitu ni kizima, na msimbo unaojitokeza, kama vile wa sailensi kuwa chini ya kiwango, unakuambia unachokisikia tayari kwa masikio. Msimbo hutaja dalili au eneo. Hausemi "nunua throto". Mashine inayofaa saa hiyo ni ile inayoonyesha namba zinazotembea: mizunguko, joto la maji, volti, upana wa kilango na masahihisho ya mafuta. Hata kile kidude cha bei nafuu cha Bluetooth kinachosomwa kwenye simu kinaweza kukuonyesha nyingi kati ya hizo. Baada ya siku chache za kutembea, masahihisho ya muda mrefu yakipanda kupita asilimia 10 hivi, una sababu ya kutafuta mahali hewa inapovuja. Hapo sasa unaongozwa na kipimo.

Kuna ushauri mwingine unaonikera kuliko wote, kwa sababu haugharimu kitu siku ile na hulipiwa baadaye: kuongeza sailensi kwa bisibisi. Kwenye throto kuna skrubu ndogo inayozuia kilango kisifunge kabisa. Fundi akiizungusha, sailensi inapanda, gari linaacha kuzima, mteja anashukuru. Kwenye gari la kabureta hiyo ilikuwa kazi halali, na wazee waliojifunza ufundi kwenye Peugeot 504 na Datsun waliifanya kwa ustadi mkubwa. Kwenye throto yenye sensa ya kupima mkao wa kilango, skrubu ile iliwekwa kiwandani na haikukusudiwa kuguswa. Ukiizungusha, kontrolo boksi haijui tena kilango kikifunga kinaishia wapi. Itajifunza, lakini itajifunza uongo. Baada ya siku kadhaa sailensi itakuwa juu hadi gari linasukuma breki kwenye foleni ya Ubungo, na atakayefuata kulitengeneza hataijua sababu, kwa kuwa skrubu haina alama ya aliyeigusa.

Lipo jambo jingine linalopaswa kujulikana na kila anayebeba kopo la kusafishia throto. Gari ambalo kumbukumbu yake bado ipo, ukilisafisha throto bila kulifundisha upya, linaweza kupata ugonjwa wa kinyume: sailensi inapaa. Kontrolo boksi bado inafungua ufa mpana uliozoeleka wakati wa uchafu, na sasa njia ni safi. Watu wengi hupata hofu hapo, wakaambiwa dawa ya kusafishia imeharibu mota. Chanzo ni kilekile tulichokieleza, kimegeuzwa upande tu. Na kama throto ni ya umeme, usikisukume kilango kwa kidole swichi ikiwa imewashwa. Tumia dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya throto na kitambaa laini, maana baadhi ya throto zina utando maalumu ambao brashi ya waya huukwangua. Dawa hiyo usiipulizie kwenye sensa ya hewa.

Sasa utaratibu wenyewe, kwa sababu anayepinga tiba ya wengine hana budi kutaja ya kwake. Toyota nyingi tunazoendesha hazihitaji jambo la ajabu. Zima AC, redio na taa, washa injini bila kukanyaga pedali, iache ipate moto na iendelee kuunguruma dakika kumi hadi kumi na tano. Kisha washa AC uiache dakika chache nyingine, uweke D huku umekanyaga breki, na baada ya hapo tembea nayo kwa upole, kusimama na kuondoka, umbali wa kutosha. Siku ya kwanza inaweza kusuasua. Gia za otomatiki nazo zinaweza kuingia kwa kishindo kidogo, kwa kuwa gia boksi nayo ina mambo yake iliyojifunza. Yape mambo hayo muda kabla ya kumwita mtu.

Honda zina hatua zake. Vyote vinavyotumia umeme vikiwa vimezimwa, washa swichi, subiri sekunde mbili, kisha piga stata. Shikilia mizunguko 3,000 gari likiwa kwenye P au N hadi feni ya rejeta iwake. Achia pedali, uiache injini kwenye sailensi dakika tano. Feni ikiwaka katikati ya dakika hizo, muda wake usiuhesabu.

Nissan ndizo zinazotoa pesa nyingi mifukoni mwa watu bila sababu, hasa Tiida, Note na X-Trail, kwa sababu zinataka kufundishwa kwa hatua maalumu na nyingi hazirudi zenyewe kirahisi. Kwanza pedali: bila kuigusa, washa swichi sekunde mbili, zima sekunde kumi, washa tena sekunde mbili, zima tena sekunde kumi. Kisha kilango: washa swichi, zima, usikilize kwa sekunde kumi mlio mdogo wa throto ikijisogeza. Mwisho ni hewa ya sailensi yenyewe. Injini iwe na joto la nyuzi 70 hadi 100, gia boksi iwe imepata moto, usukani uwe umenyooka, AC na taa zimezimwa, na volti za betri injini ikiwa kwenye sailensi zisiwe chini ya 12.9. Zima injini, subiri sekunde kumi. Washa swichi bila kupiga stata, hesabu sekunde tatu. Kanyaga pedali hadi mwisho na kuiachia mara tano ndani ya sekunde tano. Subiri sekunde saba, kanyaga tena hadi mwisho uishikilie kwa takriban sekunde ishirini, hadi taa ya cheki injini iache kupepesa na iwake moja kwa moja. Achia ndani ya sekunde tatu, piga stata, iache itulie. Ukikosea hesabu, rudia tangu mwanzo. Mwenye mashine inayofaa huifanya kazi hiyo kwa kubonyeza kitufe.

Soma tena masharti hayo, hasa lile la volti 12.9. Betri mpya iliyokaa rafuni muda mrefu bila kuchajiwa, au alteneta iliyochoka, inatosha kuyakatalia mafunzo hayo. Fundi anayerudia hatua mara nyingi kisha akatangaza kuwa throto imekufa, bila kuweka mita kwenye betri, hajapima kitu. Na gari la Nissan likishindwa kujifunza kwa sababu throto ni chafu mno, halitajifunza hata ukirudia hadi jioni. Safisha kwanza.

Kwa kuogopa mahangaiko yote hayo umezuka ushauri wa pili, nao unasambaa kwa kasi: badilisha betri injini ikiwa inaunguruma, ili kumbukumbu isipotee. Huu naupinga kwa nguvu zote. Alteneta inapochaji, betri ndiyo inayotuliza volti. Ukichomoa waya ghafla wakati mkondo mkubwa unatiririka, volti hupaa kwa kitambo kidogo kabla kidhibiti hakijaishika. Kiwango cha kimataifa cha kupima vifaa vya umeme vya magari, ISO 16750, huhesabu kwamba kwenye mfumo wa volti 12 usio na kinga mruko huo unaweza kufika kati ya volti 79 na 101. Alteneta nyingi za kisasa zina diodi za kuuzima mruko huo, lakini diodi za alteneta ya mtumba zina hali gani, nani ameziangalia? Anayefuata ushauri huu kwa kuogopa kupoteza kumbukumbu ya dakika kumi na tano anaihatarisha kontrolo boksi yenyewe. Kwa njia hii ndipo inapoweza kuungua kweli, na ndipo ile imani ninayoipinga hupata mfano wake wa kutembea nao mdomoni. Anayetaka kulinda kumbukumbu achomeke betri ndogo ya akiba kwenye soketi ya kupimia gari, injini ikiwa imezimwa. Vifaa vya kazi hiyo vipo na ni vya bei rahisi. Ila ajue kuwa anauhifadhi na uchafu wa throto usionekane.

Sisemi kwamba hakuna kinachoweza kuharibika. Aliyegeuza waya, chanya kwenye hasi, anaweza kuunguza fyuzi kuu na diodi za alteneta mara moja, na hilo ni kosa la mkono wake. Yapo na makosa madogo yanayofanana sana na ugonjwa wa sailensi, nayo ningependa yatafutwe kabla ya kutaja kifaa chochote. Kwenye magari mengi madogo bomba la hewa na boksi la filta viko karibu kabisa na betri. Fundi huvisogeza ili apate nafasi, kisha hufunga klipu nusu, au huacha soketi ya sensa ya hewa ikining'inia, au hung'oa mpira wa vakyumu kwa kiwiko bila kuhisi. Waya mwembamba wa athi unaofungwa pamoja na ule mnene husahaulika. Betri ya vichwa vyembamba hufungwa kwenye vishikizo vya vichwa vinene, nati ikakazwa hadi mwisho na bado kishikizo kinacheza. Mtu huuziwa NS40 mahali palipokuwa na NS60 kwa sababu ndiyo iliyokuwepo dukani. Kila kimoja kati ya hivi kinaonekana kwa macho au kushikika kwa mkono, kabla pochi haijafunguliwa.

Baada ya hayo yote, yaani waya umekazwa, volti zimepimwa, njia ya hewa imekaguliwa, throto imesafishwa, gari limefundishwa na limetembea siku mbili tatu, na bado linatetemeka, hapo nami nitasema twende tutafute kifaa. Koili inaweza kuwa imechoka, vali ya sailensi inaweza kuwa imeganda. Ninachogombania ni mpangilio. Kifaa ni cha mwisho kushtakiwa, na sisi tumekifanya cha kwanza.

Najua mafundi watajibu kwamba mteja hataki kulipia kusubiri. Ni kweli. Mteja wetu hulipa kwa furaha akionyeshwa boksi lenye kifaa ndani, na hununa akitozwa kwa fundi aliyekaa kwenye kiti akihesabu sekunde. Lawama hiyo ni ya wenye magari, na naiweka kwao bila kuwaonea haya. Tukikataa kulipia maarifa, tutauziwa vyuma. Lakini fundi naye asijifiche nyuma ya ubahili wa mteja. Taratibu za kufundisha sailensi zimo katika miongozo ya watengenezaji, vijana wengi wa gereji wana simu zinazoweza kuifungua, na kijana anayeitwa fundi umeme wa magari asiyejua kumfundisha Tiida kukaa kwenye sailensi ana pengo linalozibika kwa mchana mmoja.

Anayeumia zaidi ni yule asiye na nafasi ya kubishana. Kijana anayeendesha IST ya mtu kwa hesabu ya kila siku, betri ikifa asubuhi hununua mpya kwa pesa ya kukopa ili asipoteze siku. Saa sita gari linazima kwenye foleni na abiria wawili ndani. Anaambiwa kontrolo boksi. Mwenye gari anaambiwa kontrolo boksi. Gari linalala gereji, hesabu hailetwi, na ugomvi unaanza kati ya watu wawili ambao wote hawana kosa, kwa jambo ambalo lingeisha gari likiwa limeegeshwa kivulini, injini ikiunguruma, AC imezimwa na pedali haijaguswa na mtu.

Kwa hiyo nawaomba wauza betri, ninyi mnaofunga bure mkishauza: mkimaliza kukaza nati, msimkimbize mteja. Mwambieni akae dakika kumi na tano, injini iwake mbele yenu, na kama ni Nissan mfundishieni kabla hajaondoka. Nawaomba walimu wa ufundi wa magari katika vyuo vya VETA na vyuo vya majirani zetu: mwanafunzi asifuzu somo la betri kwa kujua chanya na hasi peke yake, afuzu kwa kuirudisha injini kwenye sailensi yake baada ya betri kuchomolewa. Nawe mwenye gari, ukiambiwa ununue kontrolo boksi siku ileile uliyobadilisha betri, uliza kama throto imesafishwa na gari limefundishwa. Jibu likiwa hapana, funga pochi yako, na pesa uliyotaka kununulia boksi mlipe fundi atakayekubali kuanza na hayo mawili.